Baada ya Dripu, Kuna Barabara ya Garsen

Mgonjwa wa Lamu aliyetundikiwa Mombasa dripu ya sisplatini, dawa ya kemo ya saratani, hurudi nyumbani na agizo moja: kunywa maji mengi. Agizo lenyewe ni sahihi. Ila aliyelitoa hajajiuliza mgonjwa huyo anarudi kwao vipi, maji atakayokunywa yanatoka kisima gani, na akishayanywa atakwenda haja wapi kati ya Malindi na Mokowe, gati la kuvukia Lamu. Huku Pwani tumezoea kulizungumza suala la saratani kama suala la mashine: mashine ya mionzi ipo au haipo, inafanya kazi au imekufa. Mashine ni muhimu, sibishi. Lakini kuna kiungo kinachoharibika wakati sisi tunabishania mashine, na kinga yake kubwa ni maji, chumvi, madini kidogo na kipimo cha damu kwa wakati wake. Nazungumzia figo. Na kwa ninavyoona mimi, figo za mgonjwa wa Lamu hazipotei sana kwenye kiti cha dawa. Zinapotea katika zile siku nne tano zinazofuata, ambazo hazina msimamizi.

Sisplatini si dawa ngeni. Imetengenezwa kwa platinamu, madini yale yale ya kufulia vito, na iligunduliwa nusu kwa bahati. Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, alikuwa akipitisha umeme kwenye bakteria kutaka kujua utaathiri vipi kugawanyika kwao. Bakteria wakaacha kugawanyika, wakawa wanarefuka tu. Kumbe haukuwa umeme. Ni platinamu iliyokuwa ikimong'onyoka kutoka kwenye vyuma vilivyopitisha huo umeme. Matokeo yalichapishwa 1965. Ilipofika 1978 dawa ikaidhinishwa Marekani, na vijana wenye saratani ya korodani iliyosambaa, ambao zamani wengi walikuwa wakizikwa, wakaanza kupona.

Kisichosimuliwa sana ni kwamba hapo katikati dawa hiyo ilikaribia kuachwa. Wagonjwa wa majaribio ya mwanzo waliharibikiwa figo vibaya. Kilichoiokoa, katikati ya miaka ya 1970, ni maji: mgonjwa ajazwe maji ya chumvi mshipani kabla ya dawa, wakati wa dawa na baada yake, akojoe kwa wingi. Kwa hiyo maji si nyongeza ya matibabu haya. Bila hayo maji, sisplatini isingekuwapo hospitalini hata leo.

Na leo ipo kila mahali. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, bei yake ni nafuu ukilinganisha na dawa nyingi za saratani, na tangu 1999 mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusogea hupewa mionzi pamoja na sisplatini, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Hutumika pia kwa saratani ya umio, ya kibofu, ya mapafu, ya kichwa na shingo. Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi Kenya. Basi tukizungumzia figo na kemo hapa kwetu, tunawazungumzia zaidi mama na shangazi zetu.

Figo huumia kwa sababu ya kazi yake. Sehemu kubwa ya sisplatini hutoka mwilini kwa mkojo, na seli za mirija midogo ya figo huivuta kutoka damuni mpaka ndani yake ikawa imejaa mara kadhaa kuliko ilivyo kwenye damu. Humo ndani huziua seli hizo. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu hupata madhara ya figo yanayoonekana kwenye vipimo. Wengi hurudia hali yao. Wengine hubaki na kovu, na dozi inayofuata ikawakuta hawana akiba. Maji hayaifanyi dawa kuwa salama, yanapunguza makali yake kwenye mirija na muda inaokaa humo. Mtu aliyekaukiwa maji figo zake hupata damu kidogo, mkojo hupungua na kukolea, na dawa ile ile, kwa kipimo kile kile, humdhuru zaidi.

Halafu kuna magnesiamu, ambayo husahaulika. Mirija iliyoumia hushindwa kuyazuia madini haya, yakatoka na mkojo. Misuli ikakaza, vidole vikatetemeka, na hali ikiwa mbaya moyo hupiga ovyo. Upungufu wake nao huzidisha madhara ya dawa kwenye figo, ikawa tatizo linajizaa lenyewe. Kuitia magnesiamu kwenye maji ya dripu ni kazi ya dakika chache, na tafiti zimeonyesha mara nyingi kwamba inasaidia. Msindikizaji ana haki ya kuuliza kwa adabu: "Sista, samahani, maji haya yametiwa magnesiamu?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima. Korosho za Kilifi zina magnesiamu, na mchicha pia, vile ni vizuri kula, ila korosho haiwezi kufanya kazi ya dripu.

Hayo yote hospitali kubwa inayajua. Lita mbili za maji, magnesiamu, dawa ya kuzuia kutapika, mkojo ukitazamwa. Mgonjwa huingia asubuhi akatoka jioni. Utaratibu huo wa kutolaza umethibitishwa kuwa unafaa. Sharti lake moja halisemwi kwa sauti: umebuniwa kwa mtu ambaye nyumbani kwake ni karibu.

Sasa tupande basi.

Mombasa hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 300: Kilifi, Malindi, Garsen, Witu. Mgonjwa amelala kwa jamaa Kisauni au Majengo, alfajiri yuko kituoni. Baada ya Garsen ni vizuizi, abiria kushuka, vitambulisho kukaguliwa, pengine kungoja ulinzi. Kukiwa ni kaskazi, bati la basi linawaka. Ukifika Mokowe bado kuna boti. Wa Faza au Kizingitini ana safari nyingine ya bahari mbele yake, na pale Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, chombo hungoja maji yajae ndipo kipite.

Nimewahi kukaa nyuma ya bibi mmoja na mpwa wake kwenye safari hiyo. Kijana alikuwa ameshika chupa ya maji ya lita moja, na tangu Malindi kizibo hakijakatwa. "Shangazi, kunywa basi, daktari amesema." Shangazi akavuta buibui lake, akamjibu bila kugeuka: "Nikinwa mai, haja nende wapi? Vichakani, mbele ya askari?" Kijana akanyamaza. Mimi niliyekuwa nasikiliza nilinyamaza vile vile, kwa sababu hesabu ya shangazi ilikuwa sawa. Mwanamume hushuka akazunguka nyuma ya basi, yakaisha. Mwanamke mtu mzima, mgonjwa wa mlango wa kizazi, ambaye pengine anatokwa na damu na amejifunga nguo mbili, hana pa kuzunguka. Basi anachagua kiu. Na anaichagua siku ile ile ambayo figo zake zinahitaji maji kuliko siku nyingine yoyote ya mwezi huo.

Ukimwona mgonjwa huyo amerudi kwa dozi inayofuata na figo zimeshuka, usiandike kwenye faili kwamba hakufuata maagizo. Maagizo ndiyo hayakumfuata yeye mpaka Garsen.

Kuna na kutapika. Sisplatini ni katika dawa za kemo zinazotapisha kuliko zote, na kutapika kwake huja kwa awamu mbili: ya siku ile ile, na nyingine ya kuanzia siku ya pili hadi ya tano. Hospitali huiona ya kwanza. Ya pili humkuta mtu kitandani kwake Langoni au Matondoni, naye hajui kama ni ya kawaida. Kila anachokinywa kinarudi. Ndiyo maana dawa za kuzuia kutapika ni dawa za figo pia, hata kama pakiti haisemi hivyo: ondansetroni, deksamethasoni, na olanzapini, ambayo ni kidonge cha bei ndogo. Olanzapini ni dawa ya zamani ya maradhi ya akili, na kwa wagonjwa wa kemo imethibitika kuzuia kichefuchefu vizuri sana. Tatizo ni mjomba mwenye simu: analisaka jina lake kwenye intaneti, anasoma "dawa ya wendawazimu", anaitupa. Daktari akitumia nusu dakika kueleza mapema, mjomba hana pa kuanzia.

Maji yenyewe nayo yana habari yake. Mji wa Lamu umeishi karne nyingi kwa maji matamu yaliyo chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Ukitoka hapo, ukaenda Pate, watu hutegemea jabia za kukinga mvua na visima ambavyo kiangazi kikikaza vinakuwa na munyu. Mtu ambaye kemo imemgeuza ladha ya mdomo, kila kitu anakisikia kama chuma, unamwambia anywe lita mbili za maji ya munyu. Hatakunywa, na si ukaidi. Akanunuliwe maji ya chupa? Kwa nyumba ya mvuvi, hiyo ni gharama ya kila siku juu ya nauli.

Pia "mengi" si kipimo. Kwa mtu mzima wa kawaida lengo huwa kama lita mbili kwa siku, kwa siku mbili tatu baada ya dawa: chupa nne za nusu lita, zipangwe mezani ili hata mtoto wa nyumba ajue ngapi zimeisha. Anywe kidogo kidogo, funda kadhaa kila mara, maana tumbo lililochafuka halipokei glasi nzima. Na yasiwe maji matupu peke yake. Sisplatini humfanya mtu apoteze chumvi kwenye mkojo, na mwenye kumimina maji matupu lita juu ya lita anaweza kushusha chumvi ya damu mpaka akapumbaa. Uji uliotiwa chumvi, supu ya samaki, au yale maji ya pakiti wanayopewa watoto wanaoharisha, vyote hivyo ni sehemu ya hizo lita mbili. Mwenye moyo dhaifu au miguu iliyovimba, huyo kipimo chake apewe na daktari, maana maji yanaweza kumzamisha. Na dalili ya kutazama haihitaji maabara: mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, au zikapita saa nane bila haja ndogo, hilo ni jambo la hospitali siku ile ile.

Hapo ndipo jirani anapoingia na dafu. Kwa Malindi na Lamu, dafu husafisha figo; hiyo ni itikadi, huwezi kuipinga barazani. Dafu ni kinywaji kizuri. Lakini lina potasiamu nyingi, na figo ndizo zinazoitoa potasiamu mwilini. Zikiwa zimeumia, potasiamu hubaki damuni, na ikizidi husimamisha moyo. Wakati huo huo kuna wagonjwa wa sisplatini ambao potasiamu yao imeshuka kwa kutapika, na hao dafu lingewafaa. Nani ni nani? Haiwezekani kujua kwa kumtazama mtu usoni. Ni damu ipimwe. Kabla ya hapo, moja la kuburudisha koo halina neno, lakini matano kwa siku kwa nia ya kutibu figo ni kucheza pata potea.

Birimbi nalo nilitaje, kwa sababu mti wake uko nyuani kwa watu wengi. Birimbi la achari kando ya wali halina ugomvi na mtu. Glasi ya juisi yake iliyokamuliwa nzito, inayonywewa kama dawa, ni jambo jingine: lina asidi ya okzaliki nyingi, na madaktari wa Kerala, India, wameandika habari za watu waliofeli figo ghafla baada ya kunywa juisi hiyo kwa ajili ya kolesteroli. Hao walikuwa hawana kemo. Sina vita na mitishamba, nimelelewa nayo; ninachokataa ni kuichanganya na platinamu bila mwenye kutoa dawa kujua.

Kikubwa zaidi, hata hivyo, kiko duka la dawa. Mgonjwa wa saratani ana maumivu. Akirudi nyumbani usiku yakamzidi, kijana atatumwa dukani, atarudi na ibuprofeni au diklofenaki, au atapigwa sindano ya diklofenaki kliniki ya jirani. Dawa hizi zinabana mshipa unaoingiza damu kwenye vichujio vya figo, kama kufunga bomba nusu wakati nyumba inaungua. Kwa mtu mwenye afya na aliyekunywa maji, figo huvumilia. Kwa mtu aliyetapika siku tatu huku platinamu ikiwa bado kwenye mirija yake, ni kumwongezea pigo. Parasetamoli ni salama zaidi kwa figo, ila mwenye kemo apime joto kwanza, kwa sababu inaweza kuificha homa, na homa baada ya kemo haingojewi mpaka asubuhi. Maumivu makali dawa yake ni mofini ya kunywa, ambayo serikali inaruhusu na mgonjwa wa saratani anastahili. Hofu yetu ya mofini imepeleka watu wengi kwenye diklofenaki.

Homa ikija, kuna jentamaisini. Ni antibiotiki nzuri, ya bei ndogo, iko karibu kila zahanati, na nayo ni sumu ya figo. Afisa wa kliniki aliyeko kisiwani, usiku, mbele yake mtu anatetemeka kwa homa, hajaambiwa na mtu kwamba mgonjwa huyo ana sisplatini ya siku sita mwilini. Nani atamlaumu? Hana karatasi hata moja. Faili liko Mombasa.

Na Ramadhani. Kwa miaka hii mwezi mtukufu unaangukia kaskazi, joto la kupasua ukuta. Najua wagonjwa wanaofunga katikati ya kemo na hawamwambii daktari, na daktari asiye Mwislamu anaona haya kuuliza. Mtu kukaa saa kumi na tatu bila tone la maji siku moja baada ya sisplatini ni hatari iliyo wazi. Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imemruhusu mgonjwa na msafiri kula na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa ana fidia ya kumlisha maskini. Mgonjwa wetu ni mgonjwa na msafiri kwa pamoja! Lakini ruhusa iliyoandikwa haimtoshi bibi wa miaka sabini ambaye hajawahi kuacha funga kwa hiari yake. Anataka kuisikia kutoka kwa mtu anayemwamini. Dakika mbili kwenye darasa la Shaaban, Riyadha au msikiti wowote wa mtaa, zingefanya kazi ambayo bango la hospitali halitaifanya.

Nirudi nyuma kidogo, kabla ya dawa haijatundikwa, kwa sababu kuna kosa linaloanzia kwenye karatasi ya maabara. Figo hupimwa kwa kreatinini, taka inayotokana na misuli. Ikiwa chini watu hufurahi. Chukua kreatinini ya 88 (mikromoli kwa lita), ambayo maabara nyingi zitaiita ya kawaida. Kijana wa miaka 30 mwenye kilo 75, ukiingiza umri, uzito na jinsia kwenye kanuni ya Cockcroft na Gault ya 1976, figo zake zinachuja kama mililita 115 kwa dakika. Bibi wa miaka 65 ambaye saratani imemkondesha hadi kilo 42, kwa kreatinini ile ile ya 88, anachuja kama 37. Kijana anaweza kupewa sisplatini bila wasiwasi mkubwa. Bibi, kwa miongozo mingi inayotaka angalau 50 au 60, hapaswi kupewa dozi kamili. Karatasi zao mbili za maabara zinafanana. Hesabu hiyo simu ya mkononi inaifanya kwa sekunde chache, na ninaposikia mtu amepewa dawa kwa kuangalia nambari tupu, nahamaki.

Bibi huyo hajakosa njia. Kuna kaboplatini, ndugu ya sisplatini, ambayo ni laini zaidi kwa figo na dozi yake hukokotolewa moja kwa moja kutokana na uwezo wa figo, ingawa haifui dafu mbele ya sisplatini kwa kila saratani. Na huenda figo zake zimeziba tu. Saratani ya mlango wa kizazi ikikua hubana mirija inayoshusha mkojo kutoka figo hadi kibofuni, mkojo ukarudi nyuma. Picha ya altrasaundi huonyesha, na mrija mdogo uliowekwa mapema huweza kuzifungua. Watu wa Tana na bara ya Malindi wana sababu nyingine ya kutazamwa: kichocho cha utotoni, ambacho huacha makovu kwenye mirija hiyo hiyo na, miaka mingi baadaye, huweza kuleta saratani ya kibofu. Mwanamke anayetumia dawa za virusi vya ukimwi zenye tenofoviri aseme wazi, kwa kuwa nayo huzigusa figo. Aibu hapa inagharimu.

Sisplatini haiko peke yake. Methotrekseti, dawa nyingine ya kemo, kwa dozi kubwa huganda chembechembe ndani ya mirija mkojo ukiwa na asidi, ndiyo maana hutolewa pamoja na soda baikaboneti. Na watoto wenye lile vimbe la saratani la taya, alilolieleza daktari Denis Burkitt kutoka Uganda mwaka 1958 na ambalo ukanda wetu wa malaria unalijua, wana tatizo la kinyume: dawa hufanya kazi vizuri mno, vimbe hufa kwa siku chache, na taka zake hufurika kwenye figo. Hao huanzishiwa maji na alopurinoli kabla ya kemo, tena wakiwa wodini. Hilo hufanyika, nashukuru, kwa kuwa mtoto hulazwa.

Nimesikia jibu la watu wa bajeti: tuokoe maisha kwanza, figo baadaye. Hakuna baadaye. Figo zikishuka, dozi hupunguzwa au kuahirishwa, na saratani haingojei. Zikifa kabisa, ni kusafishwa damu mara mbili tatu kwa wiki maisha yote, kwa mtu ambaye anakaa kisiwa cha Ndau au Kiwayu. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipia kemo kwa kikomo. Familia inayomaliza kikomo hicho kwa matatizo yanayozuilika imeibiwa mara mbili. Na mimi naona hii si hoja ya pesa kwa kweli. Ni hoja ya mipaka.

Afya iligatuliwa 2013. Mgonjwa ni wa Kaunti ya Lamu, dawa anapewa Mombasa, na njiani anapita Kaunti ya Kilifi. Kila kaunti inahesabu wa kwake. Lakini ramani inaonyesha jambo ambalo bajeti haioni: Malindi iko njiani, kabla ya kipande kibaya cha safari, na ina hospitali ya umma. Jumuiya ya Kaunti za Pwani ipo na inaitisha vikao. Basi kikao kimoja kiamue hivi: mgonjwa wa Lamu aliyetoka kupewa sisplatini ashuke Malindi, alazwe usiku mmoja, atundikiwe lita moja ya maji, apewe dawa ya kutapika, apate choo na kitanda, aondoke asubuhi akiwa amekojoa. Lamu iilipe Kilifi kwa kila kichwa. Siku ya saba, hospitali ya King Fahd pale mjini Lamu wachukue damu ya kreatinini, magnesiamu na potasiamu, na majibu yatumwe Mombasa kabla mgonjwa hajakata tikiti ya kurudi, ili asisafiri kilomita 300 kuambiwa damu haifai leo. Wa visiwani, wahudumu wa afya wa jamii waliokabidhiwa mikoba Septemba 2023 wanaweza kumtembelea siku ya tatu na kuuliza mambo matatu: umetapika mara ngapi, umekojoa saa ngapi, umemeza dawa gani ya maumivu.

Na kadi. Karatasi ngumu ya kukunja, iingie kwenye mkoba wa kitambulisho: jina la dawa, tarehe ya dripu, nambari ya simu ya wodi, na mstari mmoja kwa maandishi makubwa wa kumsomesha yeyote mwenye sindano, kwamba asimpe diklofenaki wala jentamaisini kabla ya kupiga simu. Hiyo haihitaji kikao cha magavana. Kiwanda cha uchapaji kiko Mombasa, na daktari yeyote wa saratani anaweza kuiagiza wiki hii.